Uso wa Mwezi wa Nane

Makoroboi, katikati ya mji wa Mwanza, siku ya Jumamosi hapapitiki. Watu wanapigana vikumbo, mikokoteni inapita katikati yao, na kila duka limetoa redio yake mlangoni. Wilhelmina alikuwa amekaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, amevaa gauni la bluu na khanga kiunoni, na mbele yake ametandaza vitambaa vya makochi alivyovidarizi mwenyewe. Wenzake waliuza kwa kupiga kelele. Yeye aliuza kwa kunyamaza, akiomba moyoni mtu ainame aulize bei.

Aliyeinama siku hiyo hakuuliza bei. Alikuwa amekanyaga.

"Aa! Samahani, dada. Samahani sana!"

Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lililokunjwa mikono, suruali ya kitambaa iliyopigwa pasi ikanyooka. Akarudi nyuma, na kwa kurudi nyuma akakanyaga kitambaa kingine. Soli zake zilikuwa na wino mweusi, na pale penye waridi jekundu sasa palikuwa na kisigino.

"Simama hapo hapo!" Wilhelmina alisema, kisha akashtuka kwa sauti yake mwenyewe.

"Nimesimama." Kijana alikuwa na mguu mmoja juu. "Sasa nifanyeje? Niruke?"

"Vua viatu."

Akavua, katikati ya Makoroboi, soksi moja imetoboka kidole. Mama muuza nyanya wa pembeni akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, huyo usimwachie! Mwanaume anayevua viatu ukimwambia vua, hapatikani mjini hapa!"

Wilhelmina akainamisha kichwa. Kijana naye akachuchumaa ili amwone uso.

"Naitwa Revocatus. Revo. Nafanya kazi pale kwenye kiwanda cha kupiga chapa cha Pravin. Huu ni wino wa mashine, dada, hautoki."

"Naona hautoki."

"Basi navinunua vyote viwili. Ila sina kochi."

"Nunua kwanza vitambaa," alisema Wilhelmina, akitazama chini. "Kochi litakuja."

Revo aliondoka anacheka peke yake, viatu mkononi. Jumamosi iliyofuata alirudi. Akarudi na Jumatano, siku ambayo hakuna anayenunua vitambaa.

Wilhelmina alikuwa akiishi Pasiansi kwa shangazi yake, Dorotea. Aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua, na tangu hapo alijizoeza kukaa nyuma: nyuma kanisani, nyuma kwenye picha za harusi, nyuma ya mlango wageni wakija. Pasiansi walikokaa hapakuwa na simu ila moja, katika duka la Mzee Ndalahwa, na Revo alipoanza kupiga, mtaa mzima ulijua.

"Mina! We Mina!" Ndalahwa alikuwa akiita kutoka dukani. "Yule wako wa wino!"

Alikimbia na ndala, akapokea huku amewapa mgongo waliokuja kununua sukari.

"Halo?"

"Mina wangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Revo, watu wapo."

"Mimi sijawauliza watu, nimekuuliza wewe."

"Ugali na sato," alinong'ona, na Ndalahwa akawaambia wateja, "Amekula sato," nao wakaitikia kwa kuridhika.

Ndivyo mapenzi yao yalivyokwenda, mchana kweupe na mbele za watu, lakini shangazi Dorotea hakuona hivyo. "Simu ni sauti tu," alisema. "Miezi yote hii, huyo kijana amekupeleka kwa nani akasema, huyu ni wangu? Hata mmoja?" Na kulikuwa na Chenge wa Kigongo, mwenye mgahawa pale kivukoni na ng'ombe huko Misungwi, mtu mzima aliyefiwa na mke. Alishatuma watu wake kumuulizia Wilhelmina, kwa heshima zote.

Mwaka ule wa tisini na nane ulikuwa unakwisha. Mfanyabiashara mmoja wa vitenge alikuja kwa Pravin kutengeneza kalenda ya mwaka unaofuata: wasichana kumi na wawili, kila mmoja na kitenge chake na mwezi wake. Revo akataja jina la Wilhelmina.

"Mimi? Ukutani?" Wilhelmina aliziba uso kwa khanga. "Sitaki. Watu watanitazama."

"Ndiyo maana yake. Kalenda inakaa ukutani mwaka mzima, Mina. Nataka kila atakayeiona Mwanza aseme, huyu ndiye Mina wa Revo."

Neno hilo ndilo lililomshika. Akalipeleka kwa shangazi yake, na Dorotea akafikiri kidogo akasema, "Haya. Nakupa mpaka kalenda itoke. Ikitoka tukauona uso wako na yeye akakiri mbele za watu, Chenge nitamjibu hapana. Isipokuwa hivyo, nitampa Chenge jibu jingine."

Picha ilipigwa uani mwa kiwanda, kwa kamera ya Pravin iliyokuwa ikitema picha papo hapo, isiyo na negativu. Alivaa kitenge cha njano chenye duara za kahawia, mikono ya puto, na kilemba cha kitambaa hicho hicho. Wakaingia ofisini, Revo akailaza picha kwenye skana, mwanga ukapita chini yake, na kwenye kioo cha kompyuta Wilhelmina akajiona anashuka pole pole: kilemba, paji la uso, macho, halafu kicheko.

"Ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe. Kaa na picha ya karatasi, mimi nabaki na hii."

Alikwenda nayo nyumbani, akaiweka chini ya kioo cha meza ya shangazi.

Ulipofika wakati wa kuona karatasi za majaribio, alikwenda kiwandani bila kuitwa. Alitaka kumshtua Revo. Mashine zilikuwa zinanguruma, harufu ya wino na mafuta ya taa imejaa, na mlangoni kulikuwa na marobota ya karatasi yaliyompita kimo. Kwenye meza ndefu miezi ilikuwa imetandazwa. Akaona Januari: msichana wa chuo cha Butimba, Precious, unaweza kuhesabu kope zake. Akapita kwa macho mpaka Agosti.

Kitenge alikijua, kilemba alikijua. Lakini pale penye uso palikuwa na vyumba vidogo vidogo, cha kahawia, cheusi, cha kahawia tena, kama vigae vilivyopangwa na fundi mlevi. Macho yalikuwa mashimo mawili yenye ngazi pembeni, na mdomo haukuwepo.

"Revo!" Sauti ya Pravin ilitoka upande wa pili wa marobota. "Nani ameshika faili la mwezi wa nane?"

"Sijui, bosi."

"Sijui ya nini? Kumi na moja wazuri, mmoja ameharibika. Huyu dada wewe ulimleta. Ni nani wako?"

Wilhelmina akasogea karibu na marobota.

"Si mtu wangu, bosi," Revo alisema. "Nilimwona tu mjini, anauza vitambaa. Mimi picha yake sijaigusa."

Alizunguka marobota kuchukua karatasi, akamwona Wilhelmina.

"Mina. Mina, ngoja. Hebu njoo uone, kwenye kompyuta uko vizuri tu!"

Akamvuta mpaka mbele ya kioo, akabonyeza, na kweli: Wilhelmina alikuwa pale, anacheka, meno yote yanaonekana. Akatazama kioo. Akatazama karatasi. Kompyuta ile ile, picha ile ile, ndani ana uso, nje hana. Hata Revo mwenyewe alikuwa anatazama huku na huku, mdomo wazi, kama mtu aliyepoteza kitu alichokishika mkononi.

Wilhelmina hakuelewa mashine, lakini watu aliwaelewa. Kama mashine inamwona na karatasi haimwoni, basi katikati kuna aliyemfuta. Akaondoka bila kuaga.

Shangazi Dorotea alikuwa anachambua mchele. "Wengine nyuso zao zinaonekana?"

"Zinaonekana."

"Wewe peke yako huonekani?"

"Mimi peke yangu."

"Na yeye kasema?"

"Kasema mimi si mtu wake."

Dorotea akaweka ungo chini. Hakugomba wala hakucheka. Aliinua kioo cha meza, akatoa picha, na jioni hiyo hiyo akampa mjumbe wa Chenge aliyekuwa anarudi Kigongo. Katika ukoo wao mambo yalikwenda hivyo: picha ya binti ikipelekwa upande wa mwanaume ikakaa, mazungumzo yameanza. Ikifuatwa ikarudishwa, ukoo umekataa.

Kesho yake Ndalahwa aliita. Wilhelmina alikwenda akitembea.

"Halo."

"Mina, nisikilize. Ni nukta. Nukta zimepungua."

"Nukta gani?"

"Za uso wako. Kwenye karatasi zinatakiwa nyingi, kwenye kioo hata chache zinatosha, ndiyo maana pale unaonekana na pale huonekani. Nimelijua jana ulipoondoka."

"Nani kazipunguza?"

Waya ukawa unanguruma tu.

"Revo. Nani kazipunguza?"

"Siwezi kusema kwenye simu. Bosi yuko hapa."

"Sawa. Kama bosi yuko hapo, mimi sipo."

Akaweka simu. Ndalahwa alijifanya anapanga sabuni, lakini alishindwa. "Mina, amesema amekupunguza nini?"

"Hata mimi sijui, mzee."

Na kweli hakujua. Alikaa uani na kitambaa chake, akatia uzi wa kijani penye ua na uzi mwekundu penye jani, akafumua, akakosea tena. Kilichomsumbua si ule uso wa vigae. Ni ule mwingine, uliokuwa unacheka ndani ya kompyuta. Mtu anayetaka kukuficha, kwa nini akuache unacheka mahali? Na kama hakutaka kumficha, kwa nini alisema si mtu wake? Mawazo yalikuwa yanakwenda, yanarudi, yanagongana mlangoni. Mwishowe alichoka kuyafumua. Jumatatu akavaa gauni lake la bluu akaenda kiwandani, akapita mashine zote mpaka mezani kwa Pravin.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Karibu." Pravin alipandisha miwani juu ya paji.

Wilhelmina aliketi, akayatazama magoti yake. "Nimekuja kuuliza uso wangu umekwenda wapi."

Pravin alifungua mdomo, lakini aliyejibu alikuwa Revo. Alitoka nyuma ya mashine, mikono imejaa wino, akatoa disketi kwenye mfuko wa shati akaiweka mezani.

"Ni mimi, bosi. Nilikudanganya."

"Hii nini?"

"Picha yake. Nilitaka niwe nayo. Ile tuliyoiskani ilikuwa kubwa, disketi haikuibeba. Nikaipunguza, nikaipunguza tena, mpaka ikaenea. Halafu nikaihifadhi na kwenye kompyuta kwa jina lile lile. Ndogo ikakaa juu ya kubwa, kubwa ikapotea. Nilipoifungua niliiona ni nzuri, nikadhani haikuharibika kitu."

Pravin akaichukua disketi. Hakupenda mtu atumie kompyuta ya kazi kwa mambo yake, na kila mtu pale alilijua hilo.

"Nyumbani kwako una kompyuta?"

"Hapana, bosi."

"Sasa disketi hii unaitazamia wapi?"

"Siitazami," alisema Revo. "Naibeba tu."

Hapo Wilhelmina aliinua kichwa.

Pravin akashusha pumzi, akachukua lenzi ndogo ya kukagulia, akaiweka juu ya Januari. "Njoo, binti, tazama." Wilhelmina akaona shavu la Precious limegeuka nukta ndogo ndogo, zimebanana kama mtama gunia likijaa. "Karatasi inataka nukta mia tatu kwa kila inchi. Kioo cha kompyuta kinaridhika na sabini na kitu. Yeye amekuachia za kioo. Nikikuvuta ujae kalenda, kompyuta haiwezi kukubuni upya, haikujui. Inazinenepesha zile chache zile zile, mpaka kila nukta inakuwa chumba."

"Ile kubwa hairudi?"

"Hairudi. Lakini picha ya karatasi si unayo? Ilete. Naiskani upya, nukta mia tatu kwa ukubwa wa kalenda, siyo kwa ukubwa wa hiyo picha ndogo, na safari hii nahifadhi mimi. Kesho mchana mashine inaanza. Isipokuja, mwezi wa nane naweka msichana mwingine." Akamgeukia Revo. "Na wewe tutaongea. Leo nenda naye."

Nje jua lilikuwa kali. Walitembea hatua kadhaa.

"Ulisema mimi si mtu wako."

"Niliogopa kazi."

"Ukaogopa kazi, ukanitupa mimi."

"Ndiyo," alisema Revo.

"Si ungetafuta uongo mwingine?"

"Ulinijia huo tu."

Wilhelmina alitaka kukasirika, akakuta hasira imechanganyika na ile disketi isiyotazamwa, hajui ashike kipi. Revo akapangusa mikono kwenye suruali. "Picha iko wapi? Kwa shangazi?"

"Iko Kigongo."

"Imefuata nini Kigongo?"

"Iko kwa mtu anayetaka kunioa."

Sasa ikawa zamu ya Revo kutoelewa. Alikaa kwenye ukingo wa mtaro, pale pale barabarani. Wilhelmina akamweleza yote, Chenge, mjumbe, desturi ya ukoo wao.

"Kwa hiyo ukienda kuichukua..."

"Nimemkataa."

"Na usipokwenda?"

"Jibu unalijua."

Revo akasimama. "Twende wote."

"Utakwenda kama nani? Kwetu wewe si mtu. Hujawahi kusema neno."

Alimfuata hivyo hivyo.

Kigongo mchana malori yalikuwa yamepanga mstari mrefu kusubiri kivuko kitoke Busisi, ng'ambo. Harufu ya samaki wa kukaanga ilikutana na moshi wa dizeli. Mgahawa wa Chenge ulikuwa umejaa madereva wa malori na matingo wao, na juu ya friji ya soda, imebandikwa vizuri kwa vipande vya selotepu, ilikuwepo picha ya Wilhelmina. Revo alibaki nje, karibu na kibao cha kivuko, anajifanya anasoma. Wilhelmina aliingia peke yake.

"Shikamoo."

Chenge aligeuka na kitambaa cha meza mkononi. Alikuwa mtu mnene, mpole wa macho. "Shikamoo ya nini tena? Unanizeesha, mama. Karibu, kaa. Shangazi hajambo?"

"Hajambo." Meza zote zilikuwa na watu. "Nimefuata picha yangu."

Chenge aliendelea kufuta mahali palipokwisha kuwa pasafi. "Amekutuma shangazi?"

"Hapana. Nimejituma."

"Maana yake unaijua?"

"Naijua."

Chenge akatazama nje. "Na yule anayesoma kibao chenye maneno manne tangu ulipoingia, ni nani?" Kabla hajajibiwa akapaza sauti. "Kijana! Ndiyo, wewe! Hebu sogea. Huyu binti ni nani wako?"

Vijiko vilitulia kwenye sahani. Wilhelmina aliyaona macho ya Revo yakizunguka, kwa madereva, kwa Chenge, kama yalivyozunguka siku ile kiwandani. Alijua kwamba akilisikia tena neno lile, picha ataiacha pale pale juu ya friji.

"Ni mchumba wangu," alisema Revo.

"Hatusikii huku nyuma!" dereva mmoja alipiga kelele.

"Ni mchumba wangu!" Sauti ilimpasuka katikati. "Wa kuoa! Kwao sijaenda, kosa ni langu, lakini nakwenda leo. Kama hanitaki, aseme hapa hapa."

Wakamgeukia Wilhelmina. Wote, na mpishi akatoka jikoni na mwiko. Hicho ndicho alichokuwa anakikimbia maisha yake yote, watu kumtazama kwa pamoja wakingoja neno lake.

"Namtaka," alisema.

Hakupaza sauti, ila kulikuwa kimya, na kila mtu alisikia. Matingo wakapiga meza kwa mikono, dereva yule akaomba chai nyingine. Chenge alisubiri kelele ziishe. Kisha akainua mkono, akaibandua picha taratibu, pembe moja baada ya nyingine ili isichanike, akaipangusa kwa shati lake.

"Ilinipendezea pale," alisema. "Haya. Mwende nayo."

"Wabeja," alishukuru Wilhelmina kwa Kisukuma, maana Kiswahili hakikumtosha.

"Wanasema itakuwa kalenda. Mwezi gani?"

"Wa nane."

"Niletee moja, basi. Miezi mingine nitaitazama bila shida. Wa nane ukifika, nitaufunua haraka nipite wa tisa." Akacheka kidogo, akarudi kwenye meza yake kufuta.

Walitoka. Kivuko kilikuwa kinakaribia gati, watu wameanza kukimbilia. Wilhelmina aliishika picha kwa viganja viwili, na Revo, ambaye angependa sana kuibeba, hakuthubutu kuomba.

"Mina."

"Ee."

"Picha tutaifikisha kwa Pravin kesho asubuhi. Ila leo, shangazi yako nitamwambia nini?"

"Anza na shikamoo."

"Halafu?"

"Halafu nyamaza," alisema Wilhelmina. "Yanayobaki nitasema mimi."